Mtumbwi wa Tatu

Jumamosi ile tulikaa watano sebuleni kwangu, na meza ninayokatia vitambaa tukaigeuza meza ya mahesabu. Cherehani niliisukuma hadi ukutani, nikaifunika, nikapiga magoti kuokota pini zote zilizoanguka sakafuni, kwa sababu mwenzetu Mpishi akikaa lazima avue viatu, na pini ikimchoma habari zake tutazisikia mwaka mzima. Katikati ya meza kilikuwapo kibubu chetu, kopo kubwa la maziwa ya unga ambalo fundi wa bati alitutobolea tundu juu. Tulikuwa tumekifungua kwa kisu cha mezani, na fedha zilikuwa zimepangwa mafungu mafungu, noti na noti zake, sarafu na sarafu zake.

Fedha hizo zilikuwa za safari ya mtumbwi. Najua inavyosikika. Binti yangu aliposikia alikaa kwanza, ndipo akasema, "Mama, watu wa umri wenu wanapanga foleni hospitali, nyinyi mnapanga kwenda porini?" Nikamwambia foleni ya hospitali haijawahi kwisha, tutaikuta tukirudi.

Wazo lilikuwa la Mkunga. Ujanani alipelekwa kuzalisha katika zahanati moja ya mbali, pembeni kabisa mwa pori, na hapo nyuma ya zahanati ulipita mto unaoingia msituni ukaenda mwendo wa siku kadhaa bila kukutana na barabara, duka, wala mnara wa simu. Alitamani sana kuufuata. Lakini leo ana zamu, kesho ana mtoto mchanga wa kwake, keshokutwa ana mjukuu. Alipostaafu akatuita akasema, "Mimi ule mto nitaupita nikiwa na pumzi. Nani anakuja?" Tukaitikia kama watoto wanaoitwa kucheza.

Sasa niwaeleze utaratibu wetu, maana bila kuujua hamtaelewa yaliyotokea. Sisi ni marafiki wa miaka mingi, tunaoitana kwa kazi zetu, na zamani tulipokuwa na shughuli kila mmoja alikuwa anatia mkono kila mahali. Kwenye harusi ya mtoto wa Keshia tukagombana kwa sababu ya mchele, mmoja anasema mwingi, mwingine anasema kidogo, mpaka wawili kati yetu wakakaa miezi hawasalimiani. Tangu hapo tukaweka sheria. Kila mtu anapewa fungu lake, na fungu la mtu haliguswi wala halichunguzwi. Unauliza bei tu. Ukiambiwa bei, unafunga mdomo.

Basi Keshia, ambaye alikaa kwenye dirisha la malipo la duka la vifaa vya ujenzi mpaka alipostaafu, akapewa fedha, gari na mitumbwi. Mkunga akapewa dawa na dharura. Mimi nikapewa malazi, yaani mahema, vyandarua na mifuko ya kulalia, ambayo niliishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa. Na Mpishi, aliyepikia shule ya bweni maisha yake yote ya kazi, mngempa fungu gani kama si chakula? Na fungu lake ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote. Kuna mwenye ghala mmoja aliyekula chakula chake alipokuwa mwanafunzi, naye akampa vitu kwa bei ya jumla, tena akapunguza. Tulimsifu. Keshia alisema kama sote tungekuwa kama Mpishi tungefika mtoni tukiwa na chenji. Mpishi akazipokea sifa akiwa amefumba macho, kama mtu anayepakwa mafuta.

Wa tano alikuwa wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Alihamia kwangu baada ya msiba, akachukua chumba cha nyuma, na kwa muda mrefu pazia la chumba kile lilikuwa halifunguliwi. Alikuwa mtu wa "ndiyo wifi" na "sawa wifi". Ungemwekea chumvi kwenye chai angekunywa na kushukuru. Nilikuwa simsukumi. Nilimwachia mlango wazi tu, ili sauti zetu zimfikie. Siku moja tukiwa tunabishana habari za mahema, tukasikia anauliza kutoka kule ndani, "Na huko mtu akitaka kujisaidia usiku anafanyaje?" Mkunga akamjibu, "Unamwamsha Mpishi akusindikize, wanyama wakimwona watakimbia." Wifi akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kikoje, kina kama kikohozi mwanzoni. Juma lile lile akaomba cherehani yangu, akaanza kushona foronya za kuuza, na kila alichopata akakitumbukiza katika kibubu. Akanunua viatu vya raba. Akavivaa ndani ya nyumba kuvizoeza miguu.

Sasa hiyo Jumamosi Keshia alivaa miwani, akafungua simu, akatusomea bei ya mwenye mitumbwi.

"Mitumbwi mitatu," akasema, "pamoja na wapiga kafi watatu." Akataja bei.

Mkunga ndiye aliyeanza. "Mitatu ya nini? Tuko watano tu."

"Hesabu wewe. Wawili, wawili, mmoja." Keshia alikuwa anainua vidole. "Huyo mmoja ndiye tatizo. Ana mtumbwi wake peke yake, ana mpiga kafi wake, na huyo mpiga kafi naye anakula. Mzee mzima analipiwa kama harusi."

"Si umwambie apunguze?"

"Nimemwomba mpaka nimeona aibu. Anasema hiyo ndiyo bei, na anataka malipo ya awali ifikapo Jumatano. Maji yakishuka mto haupitiki, na kuna watu wengine wanaitaka mitumbwi hiyo hiyo."

Tukaanza kukata. Kata hapa, kata pale, kama ninavyofanya kitambaa kinapokuwa kifupi. Tukaacha gari dogo tukachukua basi. Tukaondoa hema moja, tukakubaliana kulala kwa kubanana. Keshia akayatupia macho mafungu ya noti yaliyokuwa mbele ya Mkunga.

"Hiyo ni dharura," Mkunga akasema. "Usiitazame hata kwa jicho moja."

"Nilikuwa naangalia tu."

"Na fisi huwa anaangalia tu."

Tukacheka, lakini fedha hazikuongezeka. Sote tunakula pensheni au vijisenti vya mikono yetu, hakuna aliyekuwa na mahali pa kuchota zaidi. Keshia akapiga hesabu tena, midomo ikimcheza, halafu akasema kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Tungekuwa wanne..."

Akanyamaza hapo hapo. Lakini neno likitoka limetoka. Mkunga akaangalia dari. Mpishi akaangalia vidole vyake vya miguu. Wifi akainuka akaanza kukusanya vikombe, na changu kilikuwa bado kimejaa.

Walipoondoka nilimfuata jikoni. Alikuwa anaosha kikombe kimoja kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji.

"Wifi," akasema bila kugeuka, "mimi nitabaki. Nyumba nayo inataka mtu."

"Nyumba haijawahi kutembea."

"Mgongo wangu pia. Kukaa mtumbwini siku nzima sitaweza." Akakiweka kikombe juu ya kabati, akakigeuza mdomo chini. "Nyinyi ni marafiki wa zamani. Mimi nimekuja juzi. Wa kuongezwa ndiye wa kupunguzwa, hakuna ubaya."

Alisema kwa ile sauti ya "sawa wifi". Nilipopita mlangoni kwake jioni niliona pazia limefungwa, na viatu vya raba vimerudi kwenye boksi lake, na boksi limesukumwa chini ya kitanda.

Jumapili yote sikushona. Nilifikiri. Nisijifanye mtakatifu, nilitaka kwenda. Nilikuwa nimeshona ile mifuko ya kulalia kwa mshono wa mara mbili, nikijiona mle ndani nikisikiliza maji. Lakini nikajiuliza, nikikosa safari hii nitakosa nini? Nitakasirika kidogo, nitashona, nitapoa. Yule akikosa, pazia lile litafunguliwa tena lini, na nani? Hata ukimwambia mtu mara mia kwamba anapendwa, akishaona kwamba yeye ndiye wa kupunguzwa, ameona. Nikaamua kujitoa mimi, tena kimyakimya, nimalizane na mwenye mitumbwi kwanza ili wakija kubishana wakute imeshakuwa.

Jumatatu asubuhi nikamwomba Keshia namba ya yule bwana, nikamwambia nataka kumuuliza habari za mahema. Nikakaa kwenye stuli ya cherehani, nikapiga.

"Shikamoo mama," akasema nilipojieleza. Sauti ya mtu mpole, nyuma yake mtu anagonga mbao.

"Marahaba mwanangu. Sisi ni wale wazee wa mitumbwi. Tulikuwa watano, sasa tutakuwa wanne. Kwa hiyo punguza mtumbwi mmoja, unipe bei mpya."

"Mama, mkiwa wanne mitumbwi ni mitatu. Mkiwa watano, mitatu. Hata mkiwa sita, mitatu."

"Kwa nini? Si wanakaa wawili wawili?"

"Nani kasema? Mtumbwi wangu unabeba watu watatu na mpiga kafi, na mabegi yao juu. Watano ni mitumbwi miwili, tena mnakaa kwa nafasi."

Nikaziangalia pini zilizokuwa kwenye kimto changu. Nikachomoa tano, nikazichoma tatu huku, mbili huku. Zikatosha.

"Sasa huo wa tatu ni wa nani?"

"Si wa mtu, mama, ni wa mzigo." Nikasikia anavuta pumzi. "Yule mama aliyepiga simu nilimuuliza mzigo, akanipa namba ya mwenzake, akasema chakula si fungu lake. Huyo mwenzake akanitajia. Gunia la mchele. Gunia la unga. Maharagwe nusu gunia. Ndoo ya mafuta, majiko mawili, mkaa magunia mawili. Na sufuria moja ambalo alisema mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Nikamuuliza, mna hakika mko watano? Akaniambia wewe niandikie tu. Nikadhani labda mnapeleka msaada mahali."

Nilicheka mpaka stuli ikalia. Yule bwana akaanza kucheka naye, bila kujua anacheka nini. Nilimwomba asibadilishe chochote, nikamwambia tuko watano, na kesho atapigiwa. Nilipokata simu nikajikuta nafuta machozi kwa kipande cha bitana. Kama nisingejaribu kujitoa, tungemwacha mtu nyumbani kwa ajili ya nusu gunia la maharagwe. Na hata angebaki, mtumbwi wa tatu ungekuja tu, umejaa mkaa.

Jioni nikawaita wote. Nilimwita na Wifi kutoka chumbani, akaja akakaa pembeni karibu na mlango, kama mgeni anayengoja kuondoka. Nilikuwa nimefikiri sana jinsi ya kuanza, kwa sababu sheria ni sheria na Mpishi ni mtu wa heshima yake.

"Mpishi," nikasema, "hebu tutajie fungu lako."

Wenzangu wakageuka kuniangalia. Mpishi akarudisha mguu kwenye kiatu. "Tumeanza kuchunguzana, Cherehani?" Ndivyo wanavyoniita.

"Sichunguzi, mwenzangu. Nina njaa. Nataka kusikia tutakula nini."

Hilo lilimlainisha. Akanyoosha mgongo, akataja yote kwa kichwa, gunia baada ya gunia, hadi lile sufuria. Alipofika kwenye sufuria alipunguza sauti kwa mapenzi.

Keshia akavua miwani. Mkunga akauliza taratibu, kama anavyomuuliza mwenye uchungu wa kuzaa, "Mpishi, kuna jeshi tutakutana nalo huko?"

"Jeshi gani? Hicho nimeshakipunguza. Hicho ni kipimo changu kidogo kabisa, kipimo cha bweni moja."

"Bweni," Keshia akasema. "Siku tutakazokaa mtoni, sisi watano, tule bweni."

"Na mkifa njaa huko, mtamlaumu nani? Si mimi?"

Hapo nikawaeleza nilichoambiwa na mwenye mitumbwi. Nikawaambia nilimpigia habari za mahema na hayo mengine yakajitokeza. Nikachukua pini, nikawaonyesha tatu huku, mbili huku. Keshia alizitazama zile pini, akamtazama Wifi, akaweka mkono mdomoni. Yeye aliyekaa na fedha za watu miaka yote ile, hakuuliza mtumbwi mmoja unabeba wangapi.

"Wifi," akamwambia, maana wote walishazoea kumwita hivyo, "kile kinywa changu Jumamosi..."

"Kinywa cha keshia," Mkunga akamkatiza. "Kinatoa chenji ambayo hakuna aliyeiomba."

Lakini Mpishi alikuwa hacheki. Alikuwa ameangalia mikono yake, ile mikono mikubwa yenye alama za moto. "Mimi sijui kupikia watu watano," akasema. "Nacheka nyumbani majirani wakisema nikipika mtaa unakula, lakini ndiyo kweli. Nikitia kidogo naona kama sufuria linanitazama. Sijui vikombe vingapi. Sijawahi kujua."

Sauti ikatoka upande wa mlangoni.

"Mimi najua kupikia mmoja," Wifi akasema.

Tukageuka sote.

"Tangu kaka yenu aondoke, kabla sijahamia hapa, nilikuwa napika cha mtu mmoja. Ilinichukua muda. Mwanzoni nilikuwa nabakiza, nakaa na chakula cha mtu ambaye hayupo. Baadaye mkono ukazoea." Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha chai. "Mchele, hiki kimoja, usijaze. Maharagwe, nusu yake. Tuzidishe mara tano, tuwaongeze na wapiga kafi wawili."

Mpishi akakipokea kile kikombe, akakichungulia ndani kama kisima. "Hiki? Hiki ni cha kuonja chumvi."

"Hicho ndicho cha kushiba."

"Ongeza kidogo hapo juu. Kama kilima."

"Hakuna kilima."

"Wifi, nakuomba. Kilima kidogo."

"Mpishi, huko juu ya maji ukiwa mzito tutazama. Hakuna kilima."

Mkunga alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yanamtikisika. Keshia alikuwa ameshavaa miwani tena na kupiga hesabu mpya: mitumbwi miwili, wapiga kafi wawili, chakula cha watu na si cha bweni. Mwenye ghala angerudishiwa magunia yake. Mtu aliyelishwa na Mpishi akiwa mtoto hangekataa. Keshia akahesabu, akahesabu tena, halafu akajiegemeza kwenye kiti akashusha pumzi ndefu kabisa.

"Hema letu linarudi," akasema. "Na gari dogo linarudi. Na kinabaki kitu."

"Kiende kwenye dharura," Mkunga akasema upesi.

"Kiende kwenye sukari," akasema Mpishi.

"Sukari nitaipima mimi," akasema Wifi, na kikombe alikuwa amekinyakua tena kutoka kwa Mpishi.

Walipokuwa wanaondoka Wifi alibaki nami tukipanga viti. Akaniuliza bila kuniangalia, "Ulimpigia habari za mahema?"

"Za mahema."

"Mahema yetu si tunakodi kwa yule mama wa sokoni?"

Nikasema ndiyo, lakini si vibaya kulinganisha bei. Akanyanyua kiti, akakiweka, akanishika bega kidogo alipokuwa anapita, akaenda chumbani kwake. Hatukulizungumza tena, na sioni sababu ya kulizungumza.

Jumatano Keshia alilipa malipo ya awali, akatutumia sote ujumbe: watu watano, mitumbwi miwili. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye cherehani, nashona pindo la gauni la mteja ambalo Jumapili lilinishinda. Siku hiyo sindano ilikuwa inakwenda yenyewe. Mabega yangu yalikuwa mepesi kama ya mtu aliyetua ndoo ya maji.

Kutoka chumba cha nyuma nilimsikia Wifi yuko kwenye simu na Mpishi.

"Sufuria gani hilo?... Hapana. Hilo la kati nalo ni kubwa... Basi lete, nitaliangalia mwenyewe. Lakini likiwa linaweza kuogewa linarudi kwenu, nakuambia mapema." Akasikiliza, akacheka kile kicheko kinachoanza kama kikohozi. "Mpishi wewe, sikiliza. Wewe sikiliza kwanza."

Nikanyanyua mguu kutoka kwenye pedali ili mashine isipige kelele, nikaendelea kuwasikiliza wakigombania sufuria.